Maziwa ya Mama, Sheria ya Serikali, na Swali la Benki ya Maziwa

Katika darsa yetu ya baada ya Isha, ndugu mmoja alituletea swali lililotunyamazisha sote kwa kitambo. Mkewe alijifungua mtoto wa miezi saba katika hospitali moja ya mjini. Mama alipandwa na damu, akalazwa chumba cha peke yake, na maziwa yake hayakutoka kwa siku nne. Katika siku hizo muuguzi, kwa huruma yake, alikuwa akienda kwa mama mwingine aliyejaaliwa maziwa mengi, akimwomba akamue katika kikombe, kisha akimnywesha yule mtoto kidogo kidogo kwa mpira mwembamba. Mtoto alipona, alhamdulillahi, na sasa anakaribia kutimiza mwaka. Lakini jina la yule mama halikuandikwa popote. Alikuwa Muislamu, alivaa buibui, alikuwa mtu wa upande wa Likoni au Mtongwe, hawana hakika. "Nami nimeambiwa," akasema yule ndugu, "kwamba mtoto wake alikuwa wa kike."

Tungaliweza kumjibu kwa maneno mawili na kufunga kitabu. Walakini kila tulipolifunua swali lile tuliona kwamba si la mtu mmoja. Ni swali la wodi zote za uzazi, na ni swali ambalo serikali yetu imekwisha kuanza kulijibu kwa njia yake, nasi Waislamu wa pwani hatujaketi kulitazama. Ndiyo sababu tumeona yatupasa kuliandika.

Kwanza twataka ndugu zetu wajue hali ya watoto wa nchi hii ilivyo. Uchunguzi mkubwa wa afya ufanywao na serikali kila baada ya miaka kadhaa ulionyesha kwamba mwaka 2003, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 walikufa kabla ya kufika miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 41. Hiyo ni neema kubwa, na asiyeishukuru ni mwenye macho asiyeona. Lakini tazama hesabu ya pili. Watoto waliokufa katika siku 28 za mwanzo walikuwa 33 katika kila 1,000 mwaka 2003, wakawa 22 mwaka 2014, na mwaka 2022 wakawa 21. Maana yake ni kwamba katika miaka minane hiyo ya mwisho maradhi ya watoto wakubwa yalizidi kurudi nyuma, na mauti ya wachanga yalikuwa kama yamesimama pale pale. Leo nusu ya watoto wanaokufa kabla ya miaka mitano hufa kabla ya kufikisha mwezi mmoja. Na miongoni mwa sababu zake kubwa ni kuzaliwa kabla ya kutimia miezi, yaani wale tunaowaita watoto njiti.

Mtoto njiti hana nguvu ya kunyonya, na matumbo yake hayajakomaa. Akipewa maziwa ya mkebe, khatari ya kupatwa na ugonjwa wa kuoza matumbo huwa karibu mara mbili kuliko akipewa maziwa ya binadamu, hata kama ni maziwa ya mwanamke mwingine. Ugonjwa huo huweza kuua kwa saa chache, na baadhi ya wanaopona huwa wamekatwa sehemu ya utumbo. Kwa hivyo muuguzi yule hakufanya upuuzi. Alifanya jambo ambalo tabibu yeyote angalilisifu. Kosa lilikuwa katika kalamu, si katika kikombe.

Sasa tuizungumze sheria, kwa kuwa wengi wetu huzungumza habari za serikali kwa kulaumu tu. Mwezi wa Mei mwaka 1981 Baraza Kuu la Shirika la Afya la Ulimwengu lilipitisha kanuni ya kuzuia biashara ya maziwa ya kopo isiwadanganye akina mama. Nchi 118 zilikubali, 3 zilijizuia, na moja tu ilikataa, nayo ni Marekani. Kabla ya hapo wenye viwanda walikuwa wakiwavika wanawake nguo nyeupe kama wauguzi na kuwatuma wodini katika nchi maskini, wagawe mikebe ya bure. Mama akimpa mtoto maziwa ya mkebe juma moja, maziwa yake hukauka, kwani ziwa hutoa kwa kadiri linyonywavyo. Mkebe wa bure ukiisha, wa pili hununuliwa. Asiye na pesa hutia maji mengi na unga kidogo, na maji yenyewe ni ya kisima. Watoto wangapi waliondoka kwa njia hiyo, Mungu ndiye ajuaye.

Kenya ilichukua miaka 31 kuigeuza kanuni ile kuwa sheria kamili, lakini mwishowe iliigeuza. Sheria ya mwaka 2012 imekataza kuyatangaza maziwa ya kopo ya watoto wachanga, imekataza kugawa sampuli za bure, na imekataza wenye viwanda kuingia hospitalini kwa hila ya zawadi. Tena Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imemlazimisha mwajiri kuweka mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa, na kumpa nafasi ya kufanya hivyo isiyozidi saa moja katika saa nane za kazi. Tunawauliza matajiri wetu wenye maduka, na wenye madrasa za kisasa na skuli zinazoajiri waalimu wanawake: ni wangapi wameweka chumba hicho? Tunajua jawabu, maana baadhi yetu ni miongoni mwao.

Mwaka 2003 watoto walionyonyeshwa maziwa ya mama peke yake katika miezi sita ya mwanzo walikuwa 13 katika kila 100. Mwaka 2022 walikuwa 60. Hatusemi sheria peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, kwani hesabu ilikuwa imeanza kupanda kabla yake. Twasema kwamba nasaha za wauguzi, elimu ya akina mama na sheria vilisaidiana. Na Muislamu hana haja ya kuambiwa na mgeni kwamba jambo hili ni jema. Aya ya 233 katika Suratul Baqara imeitaja miaka miwili kamili, ikamwekea baba wajibu wa chakula na nguo za mama anyonyeshaye, na ikataka kuachishwa ziwa kuwe kwa mashauri na ridhaa ya wote wawili. Huo ndio utaratibu wa afya na wa nyumba kwa pamoja, nao umekuwa mikononi mwetu zaidi ya karne kumi na tatu.

Tumefika penye swali lenyewe. Mwezi wa Machi mwaka 2019 ilifunguliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, benki ya maziwa ya mama, nayo ndiyo ya kwanza katika nchi yetu. Kazi yake ni hii. Mama mwenye maziwa mengi kuliko haja ya mtoto wake hujitolea. Hupimwa damu kwa maradhi yanayoambukiza, kama Ukimwi na homa ya ini. Maziwa yake hupashwa moto wa digrii 62.5 kwa nusu saa ili viini vya maradhi vife, kisha hugandishwa kwa baridi. Mtoto njiti ambaye mamake amekufa, au ni mgonjwa, au hajapata maziwa, hupewa hayo kwa amri ya tabibu mpaka mamake apate. Hayauzwi. Na Pumwani, kama mjuavyo, haiko jangwani. Majengo na Eastleigh ni majirani zake, na Waislamu wanaozaliwa humo ni wengi.

Mtu atauliza: pana ubaya gani? Ubaya hauko katika maziwa. Wote tunajua kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alinyonyeshwa na Bibi Halima Saadia, naye hakuwa mamake wa kumzaa. Lakini sharia imeyafanya maziwa kuwa nasaba. Mama aliyenyonyesha huwa mama, wanawe wote huwa ndugu, na mumewe huwa baba. Hao hawaoani milele, kama ilivyotajwa katika aya ya 23 ya Suratun Nisaa. Na kisa cha sahaba Uqba bin Harith ni mashuhuri katika vitabu vya Hadithi. Alioa, kisha akaja mwanamke akasema kwamba aliwanyonyesha yeye na mkewe. Uqba hakuwa na khabari hiyo kabisa. Akapanda mnyama wake kutoka Makka mpaka Madina kumuuliza Mtume, na alipoeleza, Mtume akamuashiria kwamba haifai kukaa naye hali neno limekwisha kusemwa. Wakaachana. Maulamaa wetu wa Kishafii wameichukua hukumu hiyo kuwa ni ya kujikinga na shaka, kwa sababu ushahidi wa mwanamke mmoja hautoshi kwao katika jambo la kunyonya. Juu ya hivyo, nani atakaye bintiye afikwe na khabari kama hiyo baada ya kuzaa watoto watatu?

Basi maulamaa wa zama hizi wamekhitilafiana. Mwaka 1983 katika mkutano uliofanywa Kuwait, Sheikh Yusuf Qaradawi alitoa rai ya kuzijuzisha benki hizi. Hoja yake ni kwamba kunyonya kulikotajwa ni kule kwa mtoto kushika ziwa kwa kinywa chake, kama alivyosema Ibn Hazm zamani, na kwamba penye shaka hapana kuharimisha. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Jiddah lilikata kinyume chake, likazuia kuanzishwa benki za maziwa katika ulimwengu wa Kiislamu, kwa khofu ya nasaba kuchanganyika. Mwaka 2004 Baraza la Fatwa la Ulaya likarudi kwenye rai ya kujuzisha, kwa kuwatazama Waislamu wakaao katika nchi za wengine.

Sisi tu Mashafii, na twaona ni aibu kuruka madhehebu yetu na kukimbilia fatwa za mbali kabla ya kuuliza vitabu tunavyovisoma wenyewe. Rai ya Ibn Hazm si ya madhehebu yetu. Kwetu maziwa yakimiminwa kinywani, au yakapita puani, hukumu yake ni ile ile ya kunyonya. Kuyapasha moto hakuyabadilishi, kwani hata yakigeuzwa jibini hukumu inabaki. Na yakichanganywa ya wanawake wawili, udugu huthibiti kwa wote wawili. Asitudanganye mtu kwamba mtambo wa hospitali umeifuta nasaba.

Lakini madhehebu hayo hayo yamefungua nafasi ambayo wengi hawaisomi. Kinachoharimisha ni mara tano zilizo mbalimbali, na mtoto awe hajatimiza miaka miwili. Na Imam Nawawi katika Minhaj ameitaja mas'ala hasa ya maziwa yaliyokamuliwa: yakikamuliwa kwa mara moja, mtoto akanyweshwa kwa mara tano, rai yenye nguvu ni kwamba hiyo ni mara moja tu. Na kinyume chake vile vile: yakikamuliwa mara tano na kunyweshwa mara moja, ni mara moja. Tena ikiwa pana shaka kama zilitimia tano au hazikutimia, hapana kuharimisha. Ni ajabu kwamba Imam aliyekufa katika karne ya saba ya Hijra amelijibu swali la chupa ya Pumwani karibu neno kwa neno, na sisi twabishana barazani kwa kukisia.

Lakini msikimbie na rukhsa hiyo mkasahau mengine. Majirani zetu wa Kihanafi hapa hapa Mombasa, na wenye madhehebu ya Imam Malik, kwao kidogo kama kingi kinaharimisha. Mama mtoaji akiwa Mhanafi na mtoto akiwa wa Kishafii, watu wa nyumba mbili watakuwa na hukumu mbili juu ya posa moja. Wala asiseme mtu kwamba watoaji wengi ni Wakristo, na kwa hivyo hatutaoana nao. Maziwa hayaulizi dini. Na mara ngapi tumefunga ndoa za vijana wetu na wasichana waliosilimu?

Twaomba jambo moja lifahamike sana, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kuwa na ndugu wa kunyonya si dhambi wala si msiba. Ni ukoo ulioongezeka, na mlango mmoja zaidi wa kuamkiana siku ya Idi. Msiba ni kutojua. Kwa hivyo benki yenye daftari zuri si adui wa nasaba. Adui wa nasaba ni kikombe kile cha wodini kisicho na jina, ambacho kimekuwa kikizunguka kabla ya benki yoyote kufunguliwa, na ambacho hakikupimwa Ukimwi wala homa ya ini. Anayepiga kelele dhidi ya benki na kukinyamazia kikombe amelikamata jambo kwa mkia.

Tumewaona wenzetu walivyofanya. Mwaka 2019 benki kama hii ilitayarishwa Dhaka, Bangladesh. Watu wa dini hawakuridhika, mwanasheria akaandika barua ya kuishtaki, na kazi ikasimama. Mwezi wa Juni mwaka 2024 ilizinduliwa nyingine Karachi, Pakistan. Wenye hospitali walikuwa wametafuta fatwa mapema, na maulamaa wa huko walikuwa wamekubali kwa masharti. Baadaye wale maulamaa wakaona kwamba masharti hayo ni mazito kutimizwa, wakaitengua fatwa, na benki ikasimamishwa mwezi ule ule. Katika nchi zote mbili watoto njiti walibaki pale pale walipokuwa. Sisi hatupendi kuiga kufungua bila kuuliza, wala kufunga bila kuweka kitu badala yake.

Kwa Katiba ya mwaka 2010 hospitali zetu ziko chini ya serikali za kaunti, na baraza la kaunti halina ruhusa ya kupitisha mambo bila kuwashirikisha wananchi. Basi siku kaunti yoyote ya pwani itakapotaka kuanzisha benki ya maziwa, twataka Waislamu wawe wamekwisha kupeleka neno lao kwa maandishi, na Kadhi awe amealikwa, si kuja kulalamika minbarini Ijumaa baada ya utepe kukatwa.

Na neno lenyewe liwe nini? Mara nyingi benki za maziwa huchanganya maziwa ya wanawake kadhaa katika chombo kimoja ili nguvu yake ilingane. Kwa watoto wetu hilo liachwe: mtoto mmoja apewe maziwa ya mwanamke mmoja kwa kadiri iwezekanavyo, na idadi ya kukamua na ya kunyweshwa iandikwe. Hospitali haitaongezewa kazi kubwa, kwa kuwa jina la mtoaji limo kitabuni tangu alipopimwa damu. Kilichobaki ni kuzijulisha nyumba mbili. Hapo tutaambiwa kwamba siri ya mgonjwa haitolewi. Ni kweli, lakini sheria ya mwaka 2019 ya kulinda khabari za watu haizuii mtu kutoa khabari zake kwa ridhaa yake. Mama mtoaji aulizwe mapema: unakubali jina lako lipewe wazazi wa mtoto? Akikubali, maziwa yake yatengwe kwa watoto wa Kiislamu. Asipokubali, hapana lawama juu yake, na wako watoto wengine watakaofaidika. Kadhalika wazazi waombwe idhini kwa lugha wanayoifahamu, si kwa karatasi ya Kiingereza inayotiwa sahihi usiku wa manane.

Wako wanaopendekeza kwamba maziwa ya mama wa mtoto wa kiume wapewe watoto wa kiume tu, na ya kike vivyo hivyo, ili hofu iondoke. Rai hii inasikika vizuri lakini haina mguu. Mama yule ana watoto wengine, na atazaa wengine, na wote ni ndugu.

Ama ikiwa mtoto yuko katika khatari ya kufa, na hapana maziwa ila ya asiyejulikana, mtoto anyweshwe. Uhai haungoji daftari. Hata katika wale waliozuia benki hatukumsikia aliyesema mtoto aachwe afe.

Hatuwezi kumaliza bila kuitazama nyumba yetu wenyewe, kwani maziwa yaliyo bora kwa mtoto njiti ni ya mamake, na mara nyingi yapo. Tunayapoteza kwa mikono yetu. Bado wako wanawake wanaokamua dang'a wakaimwaga kwa kuiita maziwa machafu, na hali yake ni kama chanjo ya kwanza. Bado mtoto hupewa maji ya sukari, au maji ya kombe kutoka kwa mganga ajiitaye mwalimu, kabla ya kuonja ziwa. Kumpaka mtoto tende kidogo kaakaani ni suna, nasi hatuipingi, lakini suna haikuwa birika. (Na kwa mtoto aliyelazwa chumba cha joto, tabibu aulizwe kwanza.) La kusikitisha zaidi ni arobaini. Tumesikia ya mama aliyeruhusiwa kwenda nyumbani huku mtoto wake njiti akibaki hospitali, na nyanya zake wakamzuia asitoke, ati mzazi hatoki nje kabla ya siku arobaini. Akakaa ndani akifukizwa udi, maziwa yakimchuruzika kifuani, na mwanawe akinyweshwa ya mkebe. Sharia imemsamehe mzazi sala na saumu kwa ajili ya damu. Haikumfunga mlango asiende kwa mwanawe. Hii ni mila tuliyoitia kilemba cha dini. Mwenye kaka, mume au baba asimame alisema hilo, kwa adabu, mbele ya nyanya.

Na yule ndugu aliyeuliza? Tulimwambia kwamba ikiwa hana hakika ya mara tano zilizo mbalimbali, katika madhehebu yetu mtoto wake hajaharimishiwa mtu. Lakini siku nne si siku moja, na kikombe kilikuja asubuhi na jioni. Dhana yenye nguvu ni kwamba zimetimia, basi ni wajibu wake kutafuta kabla ya watu kutawanyika. Arudi hospitali, aombe kitabu cha waliojifungua tarehe zile, amuulize muuguzi. Akimpata yule mama, amwendee na mkewe na mtoto, wapelike kitambaa na sukari, waandike majina ya watoto wa pande zote mbili katika karatasi mbili, kila nyumba iweke yake pamoja na cheti cha kuzaliwa. Amekwenda mara mbili mpaka sasa. Muuguzi amehamishiwa kwingine, lakini kitabu cha tarehe zile kimepatikana. Wanawake waliojifungua watoto wa kike katika siku hizo ni kumi na mmoja, na wawili kati yao wameandikwa kuwa ni wa Likoni.